Utangulizi wa Bi Povu

Barua ya bodi ilimkuta mikono yote miwili ikiwa ndani ya maji ya dawa, analoweka majoho ya upasuaji. Metroni aliileta mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akasimama mlangoni kuukwepa mvuke na kuisoma kwa sauti ya juu ili ishinde kelele za mashine. Bodi ya hospitali itakutana Alhamisi ijayo. Kila idara itapewa dakika tano ieleze hali yake. Safari hii watu wa kufulia nao wamo.

"Nimewapigania," Metroni alisema. "Nilimwambia daktari mkuu, hawa nao ni idara kama wengine. Kwa hiyo usiniangushe."

Mkuu wa kufulia alijifuta mikono kwenye aproni, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole isije ikalowa. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili katika kile chumba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba aseme neno mbele ya watu, ingawa maneno hayakumpungukia. Hospitali nzima ilimjua kwa jina la Bi Povu. Wageni walidhani ni kwa sababu ya sabuni. Wenyeji walijua kwamba povu lenyewe ni lile linalomtoka kila anapoletewa furushi la mashuka akakuta sindano imesahauliwa ndani yake.

La kusema alikuwa nalo. Mashine zilikuwa mbili, na ya pili ilikufa miezi saba nyuma: mota iliungua, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kila mwezi alijaza fomu ya kuomba mota nyingine, na kila mwezi afisa ugavi alimjibu kwamba ombi liko mezani. Ilifika mahali akawa anaiota hiyo meza. Mashine iliyobaki ilibeba kazi ya mbili kuanzia alfajiri mpaka jioni, na bado hakuna wodi iliyopata mashuka ya kutosha. Mchana uleule, wenzake walipokuwa wanakula, aligeuza fomu moja ya zamani akaandika mgongoni mwake yote aliyotaka bodi iyajue. Ilikuwa nusu ukurasa. Aliisoma mara moja, akaridhika nayo.

Kisha akakumbuka kwamba hotuba ina mwanzo. Akaandika "Mabibi na mabwana", akakata. Akaandika "Awali ya yote", akakata. Akaandika "Mimi ni", akaitazama kalamu kama imemkosea adabu. Mlo wa mchana ulikwisha hajaongeza hata mstari mmoja.

Kosa lake lilikuwa kwenda kuuliza nyumbani.

"Hivi hotuba huanzwaje?" alisema Jumamosi jioni, wakiwa mezani.

Mumewe aliweka kijiko chini. Alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni, na tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza swali lililo ndani ya fani yake kiasi hicho.

"Itifaki," alisema. "Itifaki kwanza. Mengine yanafuata."

"Yanafuata saa ngapi? Nimepewa dakika tano."

"Mke wangu, nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Nimemwona wakili hodari, mwenye kesi nyeupe kabisa, anaporomoka kwa sababu alimsalimu msajili kabla ya hakimu." Akaomba karatasi, akaomba rula. Kabla sahani hazijaondolewa alikuwa ameorodhesha vyeo kumi na vinne, kuanzia mheshimiwa mwenyekiti na makamu wake, wajumbe mmoja mmoja kwa nyadhifa zao, katibu, daktari mkuu, wasaidizi wa daktari mkuu, mpaka wageni waalikwa.

"Hakuna wageni waalikwa," Bi Povu alisema.

"Wakiwepo je? Ukimruka mmoja umejitafutia kesi."

Binti yao alikuwa anasikiliza huku ameshika tama. Alikuwa mwaka wa mwisho sekondari, na ndiye aliyeongoza klabu ya midahalo ya shule; kikombe alichoshinda kilikuwa juu ya televisheni, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka bila kukiona.

"Mama, ukianza na vyeo watalala," alisema. "Unaanza na swali. Swali linamkamata msikilizaji, linamlazimisha ajijibu moyoni. Sema hivi: je, umewahi kulala bila shuka?"

Bi Povu alimtazama. "Nisimame mbele ya bodi nzima, nimuulize mwenyekiti kama amewahi kulala bila shuka."

Baba mtu akapaliwa na maji.

"Si yeye peke yake. Unawauliza wote kwa jumla."

"Hilo ndilo baya zaidi. Lala, mwanangu. Hotuba hii siiwezi na nyinyi."

Jumapili mchana akaja shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, mshereheshaji wa harusi, mtu wa viatu vya kung'aa na sauti ya kuwekwa kwenye redio. Hakuitwa na mtu. Habari zilimfikia kupitia kwa kaka yake, na alikuja amekwishajiandaa, na kikaratasi mfukoni. Alimkuta shemejiye anachambua mboga kwenye kibaraza, akavuta stuli, akakaa mbele yake kama daktari aliyeletewa mgonjwa.

"Shemeji, dakika ya kwanza ndiyo kila kitu," alisema. "Ukiikosa hiyo, watu wanafungua simu, na mtu akishafungua simu humrudishi. Wewe unahitaji kichekesho."

"Sihitaji kichekesho. Nahitaji mota."

"Kichekesho ndicho kitakachokuletea hiyo mota. Sikiliza. Mgonjwa mmoja amezinduka baada ya upasuaji. Anaona kuta nyeupe, dari nyeupe, taa nyeupe. Anamuuliza nesi, 'Mwanangu, ndiyo nimefika mbinguni?' Nesi anamwambia, 'Hapana baba. Mbinguni mashuka yapo.'"

Ndani ya nyumba mume alicheka mpaka akasikika kibarazani. Binti naye akacheka. Bi Povu aliendelea kuchambua mboga, lakini sasa majani mazuri aliyatupa na mabovu akayaweka kwenye bakuli, mpaka alipojigundua akaanza upya.

"Shemeji," alisema taratibu, "wiki iliyopita nimepeleka toroli wodi ya wazazi. Nimekuta mama amejifungua asubuhi hiyo, amelala juu ya mpira wa godoro, mtupu. Nguo yake ya kujifunika amemfunikia mtoto. Nikampa shuka la mwisho, mwenzake wa kitanda cha pili akanitazama. Sasa hapo wewe kichekesho unakiona wapi?"

Shemeji alikikunja kikaratasi chake. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alipoaga alisema atautengeneza utangulizi upya, wa heshima zaidi, na Bi Povu akajikuta ameitikia "haya" ili tu aondoke.

Jumatatu ikawa zamu ya Metroni. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akauliza hotuba imefikia wapi. Bi Povu akampa nusu ukurasa wake. Metroni akausoma akiwa amekunja uso.

"Hapa hujashukuru," alisema.

"Nishukuru nini?"

"Uongozi. Kwa mazingira mazuri ya kazi, kwa ushirikiano, kwa kuipa idara yako nafasi hii. Ukiingia hivihivi utaonekana umekuja kulalamika."

"Lakini Metroni, nimekuja kulalamika."

"Najua umekuja kulalamika. Mimi mwenyewe nataka ulalamike. Ila usiingie na mlango." Akachukua kalamu, akamwandikia aya nzima ya shukrani kwa mwandiko wake mzuri wa duara, yenye mazingira, ushirikiano na dhamira ya dhati. Bi Povu akaipokea, akashukuru kwa kupewa shukrani, na njia nzima kurudi kwenye mashine alikuwa anasonya.

Basi Jumanne jioni akasema liwalo na liwe. Akavikusanya vyote: vyeo vya mumewe, swali la bintiye, shukrani za Metroni, na toleo jipya la shemeji, ambalo sasa lilikuwa na shairi fupi mahali pa kichekesho. Akavipanga kwa zamu ili asimvunje mtu moyo. Akasimama katikati ya sebule, binti akashika simu kupima muda, mume akakaa kwenye kochi na kufanya sura ya mwenyekiti.

Alisoma. Mume alimkatiza mara mbili kumsahihisha cheo. Bi Povu alipofika mwisho wa utangulizi, kabla hajataja mashine hata kwa jina, aliinua mkono.

"Dakika ngapi?"

Binti aliangalia simu, akasita. "Nne na sekunde kumi."

Hapo ndipo povu lilipomtoka. Alisema kwamba tangu Jumamosi nyumba hii imegeuka chuo cha hotuba na yeye ndiye mwanafunzi pekee. Kwamba angeomba ushauri wa jinsi ya kufua, kila mmoja angenyamaza, lakini akiomba neno moja la kuanzia, hata asiyejua tofauti ya foronya na taulo ana la kusema. Kwamba amebakiwa na sekunde hamsini za kueleza miezi saba, na akizitumia vizuri huenda akafika kwenye mota, asipokohoa. Kisha akayachukua makaratasi yote, akayasokomeza ndani ya foronya iliyokuwa kwenye kikapu cha nguo za kupigwa pasi, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwishaoshwa.

Mume na binti walitazamana. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumatano, saa moja kasoro asubuhi, shemeji alikuja hospitali. Alikuwa ameupeleka utangulizi wake kuchapwa kwenye duka la fotokopi, na alitaka kuukabidhi mkononi. Mlinzi alimwelekeza nyuma, kwenye jengo la bati lenye bomba la mvuke. Akafika mlangoni wakati zamu ya asubuhi inaingia: wanawake wanne na mwanamume mmoja wa kukamua, wamesimama nusu duara wakifunga aproni, na Bi Povu mbele yao na daftari la makabidhiano.

Hakuwasalimu, walikuwa wamekwishasalimiana getini. Alifungua daftari akasoma:

"Wodi ya wazazi. Vitanda thelathini na viwili, vyote vina watu. Mashuka safi kumi na manane. Upasuaji, majoho kumi na manne, sita mabichi, wana mgonjwa wa kwanza saa tatu. Watoto, wamekojolea yote. Mashine ya kwanza ina mlio upande wa kushoto, msiijaze zaidi ya nusu."

Akafunga daftari. Hakuna aliyeuliza swali wala kungoja aambiwe la kufanya. Wawili walikwenda kwenye majoho mabichi, mmoja akavuta toroli la wazazi, mwanamume akainama kusikiliza ule mlio. Chumba kizima kilikuwa kimeanza kazi kabla yeye hajaliweka daftari mezani.

Shemeji alikuwa bado mlangoni, karatasi zake zimeanza kulegea kwa mvuke.

"Shemeji," alisema, "hayo ndiyo."

"Hayo ndiyo nini? Karibu, usisimame kwenye njia ya toroli."

"Hayo uliyosoma. Huo ndio utangulizi wako."

Bi Povu alimtazama mtu huyu aliyemvurugia Jumapili yake. "Huu si utangulizi. Haya ni makabidhiano ya zamu. Kila asubuhi nasoma hivi, miaka ishirini."

"Na kila asubuhi wanakusikiliza hivi?"

"Wasiponisikiliza watafua nini?"

Shemeji alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alisema kwa sauti ya kawaida, ile isiyo ya jukwaani. "Mimi nikishika kipaza sauti kwenye harusi, huwa chakula hakijaiva. Au bibi harusi hajamaliza kuvalishwa. Mwenye shughuli ananipa ishara, vuta kidogo, nami navuta. Salamu, vyeo, vichekesho, shairi. Watu wanafurahi, lakini kazi yangu pale ni kuchelewesha. Wewe hapa humcheleweshi mtu. Nimekupa vitu vya kuchelewesha watu."

"Siku nne," Bi Povu alisema. "Siku nne mmenizungusha mbuyu, mpaka nimegombana na mume wangu na mtoto wangu, nimelala mgongo unaniuma, halafu leo, bado siku moja, ndiyo unakuja kuniambia nisome daftari."

"Ndiyo, shemeji."

"Toka hapa kabla sijakuloweka."

Akatoka. Lakini saa nne, wakati wa kunywa chai, Bi Povu alilifungua tena lile daftari, akasoma mistari yake mwenyewe kama iliyoandikwa na mtu mwingine. Akaona aibu kidogo, halafu akakasirika kwa kuona aibu, kisha akachukua kalamu.

Alhamisi ilianza vibaya. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajavua kitambaa cha kichwani, alikuta ujumbe mezani kwa mwandiko wa duara: vitambaa vya meza vya ukumbi wa bodi vifuliwe na kunyooshwa kwanza, vifike juu kabla ya saa mbili. Vilikuwa kumi na viwili, vizito kama mapazia. Vilikula mzunguko mzima wa mashine. Toroli la wazazi lilitoka likiwa na mashuka kumi na tisa.

Ukumbi wa bodi ulikuwa ghorofa ya pili, na feni tatu na maua ya plastiki. Wakuu wa idara waliketi ukutani kwa viti vya kukunjwa, wajumbe tisa wakaketi mezani, kila mmoja na chupa ya maji mbele yake. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mfupi, mkuu wa shule mstaafu, mwenye kengele ndogo ya mezani ambayo alionekana ameizoea sana. Walichelewa kuanza kwa dakika arobaini.

"Kwa kuwa muda umetutupa mkono," mwenyekiti alisema, "dakika tano zimekuwa tatu. Naomba tuheshimiane."

Bi Povu alimtazama mpishi mkuu, aliyetangulia kuitwa, mwanamke mpole aliyeandika hotuba kwenye daftari jipya la jalada gumu. Mpishi mkuu alisimama, akamtambua mwenyekiti, akamtambua makamu, akawatambua wajumbe, akashukuru kwa nafasi, akashukuru kwa ushirikiano, akasema hana mengi ya kusema, na hapo akaeleza kwa kirefu kwa nini hana mengi ya kusema. Alipofungua ukurasa wa pili na kusema, "Sasa nikija kwenye jiko lenyewe," kengele ikalia. Mpishi alibaki amefungua mdomo. Akakaa chini, daftari amelikumbatia kifuani.

Bi Povu alitamani kulia kwa niaba yake, na alitamani pia kumtikisa.

Akaitwa. Akasimama. Alikuwa ameshika karatasi moja tu, ile ya kutoka daftarini, na alikuwa na hakika nayo mpaka alipoinua uso akaona macho yote yale. Na kwa sababu orodha ya mumewe ilikuwa imesomwa mara nyingi mno pale sebuleni, ndiyo iliyotoka yenyewe.

"Kwa heshima na taadhima, mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mheshimiwa makamu mwenyekiti, mheshimiwa mjumbe kutoka..."

Akauona mkono wa mwenyekiti unaikaribia kengele, taratibu, kwa mazoea. Akanyamaza katikati ya cheo. Afisa ugavi akatabasamu kidogo na kuangalia kucha zake.

"Leo saa moja asubuhi," Bi Povu akaanza upya, "wodi ya wazazi ina vitanda thelathini na viwili, vyote vina watu. Nimepeleka mashuka kumi na tisa."

Mwenyekiti akaacha kengele. Alikuwa mwalimu wa hesabu enzi zake, na hesabu aliikamilisha kabla ya mtu mwingine yeyote mezani.

"Kumi na watatu wamelalia nini?"

Swali hilo halikuwemo kwenye karatasi. "Wanane wamelalia vitambaa walivyotoka navyo nyumbani. Watano wamelalia mpira wa godoro."

"Na waliojifungua?"

"Ndio hao, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja mwenye suti ya kijivu akauliza kwa nini. Akajibu kwamba mashine moja imekufa miezi saba. Akainua karatasi ili aendelee na mstari wa pili, lakini mjumbe mwingine akauliza imekufa kwa nini, akajibu mota. Akainua tena karatasi. Afisa ugavi akasimama bila kuitwa, akasema ombi hilo linashughulikiwa. Mwenyekiti akamuuliza limefika wapi. Akasema liko mezani. Mwenyekiti akauliza ni meza ya nani, na afisa ugavi akaanza kufungua faili moja baada ya jingine.

Bi Povu alikuwa bado amesimama, karatasi mkononi, hasira zimempanda. Tangu Jumamosi hajalala vizuri kwa ajili ya kipande hiki cha karatasi, na sasa kila akifungua mdomo mtu anauliza kitu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "naomba mniache nisome. Nimeandika."

Meza nzima ikacheka, hata mwenyekiti. Hakuwa ametania, na kicheko kile kilimuudhi kuliko kengele.

"Utasoma, mama," mwenyekiti alisema. "Swali langu la mwisho. Mashine iliyobaki inafua nini kwanza asubuhi? Mnachaguaje?"

Ungekuwa utangulizi wa kuandikwa, angeupima neno kwa neno. Lakini alikuwa amechoka na kuudhika, akajibu kama anavyojibu mtu yeyote pale chumbani kwake.

"Siku zote upasuaji kwanza. Leo tumeanza na hivi vitambaa vya meza."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe wa suti ya kijivu aliinua viwiko vyake kutoka kwenye kitambaa, kana kwamba ameambiwa kimelowa. Bi Povu akageuza macho kuelekea ukutani, na pale, kiti cha tatu, Metroni alikuwa amefumba macho yake.

Mengine yalikwenda haraka. Mwenyekiti aliahirisha idara zilizobaki kwa nusu saa, akasema anataka kuiona hiyo mashine, na bodi nzima ikashuka ngazi kwa mstari mmoja mpaka jengo la bati. Waliona mota iliyoungua, wakasikia mlio wa upande wa kushoto wa ile nyingine, wakatoka jasho. Iliagizwa mota. Mashine mpya, ambayo Bi Povu aliiandika kwenye mstari wa tano wa ile karatasi, haikuzungumzwa, kwa kuwa mstari wa tano haukusomwa kamwe.

Nyumbani mume alisikiliza habari yote, akasema ni vyema hakumruka mwenyekiti, kwa kuwa bila hivyo mambo yangeharibika mapema. Binti akasema kwamba kwa kweli kilichowakamata ni swali, ila aliuliza mwenyekiti. Shemeji alipiga simu kupongeza. Bi Povu aliwashukuru wote, akaenda kulala saa mbili.

Lakini usingizi haukuja. Aliona yale macho yaliyofumbwa.

Metroni hakumsemesha siku tisa. Maagizo yalishuka kwa karatasi, kwa ule mwandiko wa duara, bila salamu. Siku ya kumi Bi Povu alivua aproni, akapanda ofisini kwake, akabisha hodi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, bado amesimama. "Sikukusudia kukuanika. Niliulizwa, nikajibu."

Metroni alimaliza kuandika alichokuwa anaandika. "Unajua ni nani aliyeniamuru vitambaa vile vifuliwe?"

"Sijui."

"Ofisi ya daktari mkuu. Mimi nilipeleka ujumbe tu. Lakini bodi ilipouliza, jina lililotajwa lilikuwa langu, nami sikuwa na pa kuanzia kujitetea, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewaleta nyinyi pale." Akavua miwani. "Nilikwambia ushukuru. Ulidhani nataka sifa. Sentensi moja tu, kwamba Metroni ndiye aliyepigania tuje hapa. Ungeisema hiyo kwanza, halafu vitambaa ungevisema utakavyo. Kila mtu angejua niko upande gani."

Kilichomkera Bi Povu ni kwamba mwenzake alikuwa na haki. Katika yale makaratasi yote aliyoyasokomeza kwenye foronya, kulikuwa na sentensi moja iliyokuwa na kazi, naye aliitupa pamoja na takataka.

"Ungeniambia hivyo," alisema, "badala ya kuniandikia mazingira mazuri na dhamira ya dhati, ningekuelewa."

Metroni alimkazia macho, na kwa muda ikaonekana kana kwamba ndiyo yameharibika kabisa. Kisha akashusha mabega.

"Hiyo ni kweli," alisema. "Ile aya ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa mbaya sana, Metroni."

"Basi inatosha. Kaa."

Akakaa. Mota ilifika wiki iliyofuata ndani ya sanduku la mbao, na fundi aliifunga kwa siku mbili. Mkanda wake uligeuka kuwa mfupi, ikabidi uagizwe mwingine, na Bi Povu akajaza fomu nyingine. Safari hii Metroni aliichukua fomu mkononi mwake, akasema ataipeleka mwenyewe mpaka kwenye hiyo meza, na asipojibiwa kufikia Ijumaa atakaa juu yake.